Hakimu Hakuhukumu Bahari

Mtume Paulo alikuwa mfungwa wa kusafirishwa. Habari yake tumeisoma tangu shule ya Jumapili mpaka imezoeleka, na jambo likizoeleka halimchomi mtu tena. Hebu isome upya. Mtu amekamatwa Yerusalemu. Amekaa mahabusu Kaisaria miaka miwili, kwa kuwa liwali Feliki alikuwa akingoja apewe chochote. (Wapo mahabusu watakaocheka kwa uchungu hapo.) Mwishowe anakabidhiwa kwa akida aitwaye Yulio, anapakiwa merikebuni pamoja na wafungwa wengine, anapelekwa ng'ambo, kwenye mji ambao hajawahi kuukanyaga. Luka anatuhesabia hata waliokuwamo chomboni: watu 276. Dhoruba inapokivunja chombo, askari wanashauriana wawaue wafungwa wote, asije mmoja akaogelea akatoroka. Ndiyo thamani ya mfungwa aliye mbali na kwao: ni hesabu ya kukabidhi, na hesabu ikiharibika anafutwa.

Lakini Luka ni tabibu, na jicho lake halipitwi na vidogo. Anatuambia kwamba merikebu ilipotia nanga Sidoni, Yulio, mpagani, askari wa Kaisari, alimruhusu Paulo ashuke akawaone rafiki zake, wamtunze. Anatuambia tena kwamba walipoikaribia Roma, ndugu wa kanisa la pale walitoka mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 nje ya mji, kwenda kumpokea mtu mwenye minyororo ambaye wengi wao hawajapata kumwona uso. Paulo alipowaona alimshukuru Mungu na moyo ukamrudi. Mtume huyo! Mtu aliyeona maono, aliyepigwa mawe akainuka akaendelea na safari, naye alihitaji kuona sura za watu waliokuja kwa ajili yake tu.

Ndugu msomaji, shika hapo. Nina neno na wewe juu ya wafungwa ambao serikali zinawahamisha kwa mikataba, na juu ya watu wa Mungu ambao hawatoki kwenda kuwapokea.

Wengi wetu hatujui kwamba serikali hutunziana wafungwa. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake na magereza yake, na tangu katikati ya karne iliyopita majimbo hayo yamekuwa yakiwekeana mikataba: huku kwetu kumejaa, chukua hawa, au huyu ana maadui gerezani kwetu, tukae naye mbali, nasi siku yako ikifika tutakupokelea wako. Upo mmoja mpana kuliko yote, uitwao Interstate Corrections Compact. Ukitafuta ushetani ndani ya maneno yake hutauona. Unasema jimbo linalompokea mfungwa ni wakala tu wa jimbo lililomtuma. Unasema atendewe kiutu, sawasawa na wafungwa wenyeji. Unasema jimbo lililomtuma litalipa gharama na kuletewa taarifa za mwenendo wake, na maofisa wake watakuja kukagua gereza na kumrudisha mtu wao wakitaka. Siku ya kutoka, unasema, aachiwe ndani ya jimbo lake, isipokuwa yeye mwenyewe na majimbo yote mawili wamekubaliana vinginevyo.

Kisheria, basi, mtu huyu hajaondoka kwao. Mamlaka juu yake ni yale yale. Karatasi inasema yuko nyumbani, na mwili wake umelala kitanda cha jimbo jingine. Hata mzazi hakusahauliwa: mkataba unatamka kwamba mzazi au mlezi mwenye haki ya kumsimamia mfungwa haipotezi haki hiyo kwa sababu mfungwa amehamishwa. Maneno mazuri. Sasa soma kutoka kichwa cha mkataba mpaka sahihi utafute nauli ya mzazi huyo. Haimo.

Twende Hawaii tuone. Visiwa vile viko katikati ya bahari ya Pasifiki, vimetengwa na bara kuliko karibu nchi zote za watu. Mwaka 1995 magereza yake yalifurika, serikali ikawapeleka wafungwa Texas, ikisema ni kwa muda tu. Muda huo haujaisha mpaka leo. Walizungushwa majimbo kadhaa, na tangu 2007 wengi wao wamewekwa Saguaro, gereza lililojengwa jangwani kwenye mji wa Eloy, Arizona. Mwenyewe si jimbo la Arizona. Ni kampuni binafsi, ambayo sasa inaitwa CoreCivic. Ona mteremko wenyewe: kwanza jimbo lilimkabidhi mtu kwa jimbo, serikali kwa serikali, aibu kwa aibu, halafu likamkabidhi kwa mfanyabiashara anayelipwa kwa kichwa kwa siku. Mimi sioni kwamba hatua hizo mbili ni moja. Serikali inayopokea mfungwa wa jirani hutamani siku moja aondoke. Anayelipwa kwa kichwa, sijui anaomba nini usiku.

Kutoka Honolulu hadi pale ni karibu kilomita 4,700. Ni mbali kuliko Dar es Salaam na Cairo. Hakuna basi la kwenda huko, hakuna treni wala lori la kuomba lifti. Ni ndege, na baada ya ndege ni gari, na baada ya gari ni mahali pa kulala, na baada ya hayo yote ni saa za kumwona mtu wako ambazo gereza limepanga. Simu nayo ina taabu yake, kwa sababu saa za huko na za Hawaii zinapishana kwa tatu. Mfungwa aliyesimama kwenye foleni ya simu saa mbili usiku, kwao ni saa kumi na moja jioni: mama bado yuko kazini hotelini, anatandika vitanda vya watalii. Mama akishafika nyumbani, akapika, akakaa, huko jangwani usiku umeshaiva. Wanapishana hivyo juma zima, na si kwa sababu hawapendani.

Na ni akina nani hao? Mwaka 2010 Ofisi ya Mambo ya Wahawaii ilitoa taarifa kwamba wenyeji wa asili wa visiwa vile walikuwa asilimia 24 ya watu wote, lakini asilimia 39 ya waliofungwa. Watu wa bahari, wajukuu wa mabaharia waliovuka Pasifiki kwa kusoma nyota, leo wanaadhimisha Makahiki, msimu wao wa kale wa mavuno na amani, wakiwa wamezungukwa na mchanga na uzio wa waya. Mwaka huo huo wa 2010 wafungwa wawili wa Hawaii waliuawa ndani ya Saguaro. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ya Hawaii ililazimika kuwaondoa wanawake wake kutoka gereza la kampuni hiyo hiyo huko Kentucky, baada ya malalamiko kwamba askari waliwadhulumu kingono. Nani angepiga kelele mapema? Mama angeiona sura ya binti yake mezani siku ya kutembelewa akajua kuna jambo. Mama hakuwapo, alikuwa ng'ambo ya bahari. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mfungwa mmoja wa Hawaii alilipeleka jambo hili mahakamani miaka mingi kabla ya Saguaro kujengwa. Alikuwa amefungwa maisha kwa kosa la kuua, na mwaka 1976 kamati ya gereza ilipendekeza ahamishiwe gereza la bara, akapelekwa Folsom, California. Akalalamika kwamba kamati iliyomsikiliza ndiyo hiyo hiyo iliyotaka aondoke. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1983, katika shauri la Olim dhidi ya Wakinekona, mahakama ikamkatalia. Ikasema kuhamishwa kutoka jimbo hadi jimbo hakumwondolei mfungwa uhuru wowote unaolindwa na katiba, hata kama safari ni ya mbali na ya kuvuka bahari. Mtu mwenye hatia, ilisema, hana haki ya kutarajia kwamba atafungwa jimbo fulani. Jaji Thurgood Marshall, mjukuu wa mtumwa, alikataa kuungana na wenzake. Aliandika kwamba kumtoa mtu Hawaii ukampeleka California ni sawa na kumfukuza kwao, adhabu ambayo tangu kale imehesabiwa kati ya zilizo kali kuliko zote.

Mimi si mwanasheria, lakini nasimama na Marshall. Hakimu alimhukumu mtu yule maisha. Hakuhukumu bahari. Hakuna mahali kwenye hukumu palipoandikwa kwamba mama yake naye afungwe kutomwona mwanawe, wala kwamba watoto wake wamsahau sauti. Adhabu hiyo ya pili haikutolewa na hakimu yeyote, wala haina tarehe ya kwisha. Iliandikwa na kamati ya gereza, na leo inaandikwa na karani wa fedha anayetafuta vitanda.

Najua msomaji mmoja amekunja uso. Anasema: Mchungaji, unatuimbia habari za wauaji na wezi, waliouawa nao hawana mama? Wanaye. Na mama huyo ndiye wa kwanza kutembelewa, kabla ya mtu yeyote aliye gerezani. Kanisa linaloruka nyumba ya msiba likakimbilia geti la gereza limepotea njia. Lakini sema kweli: je, mama wa marehemu anapata nini mfungwa anapowekwa mbali kilomita 4,700 badala ya 47? Harudishiwi mtoto. Harudishiwi hata shilingi. Kinachotokea ni kwamba mtu yule, akimaliza miaka yake, anateremshwa kwenye uwanja wa ndege wa kwao akiwa hana anayemfahamu, na akirudia alikotoka, kijiji ni kile kile na mama wa marehemu mwingine anasubiri.

Hili si hisia za mhubiri. Idara ya magereza ya jimbo la Minnesota iliwafuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 walioachiwa kati ya 2003 na 2007, ikachapisha matokeo mwaka 2011. Wale waliotembelewa, hata mara moja tu, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi kwa asilimia 13 wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Na katika wageni ambao kuja kwao kulikuwa na faida kubwa walikuwamo baba, ndugu wa damu, wakwe, na wachungaji. Wachungaji! Mnasikia, watumishi wenzangu? Watu wa takwimu, ambao hawakuwa wakitafuta kututia moyo, walikwenda kuhesabu, wakaukuta utumishi wetu umo ndani ya hesabu. Nasi tunaupeleka mara moja kwa mwaka, wiki ya Krismasi, na mpiga picha nyuma yetu.

Mwingine atasema ubaya ni wa Marekani, Ulaya wanafanya kwa ustaarabu. Kweli, kwa ustaarabu zaidi. Mwaka 2015 Norway, nchi inayosifiwa dunia nzima kwa magereza yenye utu, ilikuwa na foleni ndefu ya watu waliohukumiwa wanaongoja nafasi ya kuanza kifungo. Uholanzi ilikuwa na magereza matupu. Wakakubaliana: Norway ikakodi gereza zima la Norgerhaven, nafasi 242, katika kijiji cha Veenhuizen. Mkuu wa gereza alikuwa wa Norway, askari walikuwa Waholanzi, kifungo kilikwenda kwa sheria ya Norway. Wafungwa waliruhusiwa kuongea na familia kwa video, na bustani ilikuwa kubwa. (Kijiji chenyewe kina historia: mwaka 1823 kilianzishwa kuwa makazi ya maskini, ombaomba na yatima waliotolewa mijini wasionekane. Ardhi ile imezoea kupokea watu wasiotakiwa kwao.) Wa kwanza waliomba wenyewe kwenda. Walipokwisha wanaotaka, wakapelekwa wasiotaka.

Ndipo mwangalizi wa haki wa bunge la Norway alipokwenda kukagua, mwaka 2016, akagundua tundu ambalo wanasheria wote waliokaa mezani hawakuliziba: mfungwa wa Norway akipigwa na askari wa Kiholanzi, polisi wa Norway hawana mamlaka ya kuja kuchunguza. Nchi ilikuwa imewatoa watu wake nje na wajibu wa kuwalinda ukabaki mpakani. Mwaka 2018 mkataba ulikwisha na wafungwa wakarudishwa. Ubelgiji nayo ilikwishakodi gereza la Tilburg kwa Waholanzi hao hao tangu 2010, ikaachana nalo mwishoni mwa 2016.

Na usidhani desturi imekufa. Denmark ilitia saini na Kosovo mwaka 2022: vyumba 300 katika gereza la Gjilan, kwa euro milioni 210 katika miaka kumi. Na nani wapelekwe? Wageni. Wafungwa wasio raia ambao Denmark imekwisha kuamua kuwafukuza wakimaliza kifungo. Tazama jinsi kila mahali mkono unavyoenda kwa yule yule: mwenyeji wa asili, mgeni, mtu asiye na mjomba bungeni. Nyumba ikikosa nafasi, mtoto wa kwanza kupelekwa kulala kwa jirani ni mtoto wa kufikia.

Sasa turudi kwetu, maana kuhubiri dhambi za Denmark ni kazi nyepesi.

Arusha palikuwa na Mahakama ya Kimbari ya Rwanda. Umoja wa Mataifa ulikuwa na majaji na mahali pa kuwaweka watuhumiwa, lakini haukuwa na gereza la kufungia watu miaka thelathini. Ukaingia mikataba na nchi zilizo tayari: Mali, Benin, nyingine zikafuata. Desemba 2001 watu sita wakapelekwa Mali. Mmoja wao ni Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari, aliyekiri makosa akahukumiwa kifungo cha maisha. Nikimtaja huyo, najua umekaza moyo. Mimi pia nimekaza. Basi hapo ndipo pa kupimia imani yetu, kwa sababu katika ile habari ya kondoo na mbuzi Bwana alisema alikuwa kifungoni, na hakusema alionewa. Hakutaja kesi. Tumejiongezea wenyewe sharti la kwamba mfungwa wa kutembelewa ni yule aliyesingiziwa, ili tupate sababu ya kukaa nyumbani. Mnyarwanda yule aliyepelekwa Mali anastahili kila siku ya kifungo chake. Na bado kuna Mkristo mmoja nchini Mali ambaye jina lake litaulizwa siku ile kama alikwenda au hakwenda.

Halafu gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, hapo kando ya bahari tunayoogelea. Miaka ile ya uharamia, meli za kivita za Ulaya na Marekani zilikamata vijana wa Kisomali baharini na hazikutaka kuwapeleka kwao London wala Hamburg. Kenya ikakubaliana na Uingereza, na Marekani, na mwezi Machi 2009 na Umoja wa Ulaya: washusheni Mombasa, tutawashtaki na kuwafunga. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulisaidia kufungua mahakama yenye ulinzi mkali pale pale gerezani. Mwaka huo huo Kenya ikaona mzigo umezidi, ikatoa notisi ya kujitoa. Shelisheli nayo ilijaza gereza lake dogo, mpaka Machi 2012 ilipoanza kuwarudisha, 17 kwa mkupuo wa kwanza, wakamalizie kifungo Hargeisa.

Sitetei uharamia. Mabaharia walikaa mateka miezi mingi, wengine hawakurudi. Lakini nauliza jambo dogo la Pwani: katika miaka ile yote, ni wangapi kati yetu, wenye nyumba Mtwapa, Kisauni na Nyali, tuliopita getini na gari tukajua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna kijana ambaye mama yake yuko Somalia na hajui kama mwanawe anaishi? Wengi wao walikuwa Waislamu, na ndugu zetu wa misikitini wanajua kuwa Qurani inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa kumpenda Mungu, bila kutaka malipo. Kwa hiyo hakuna wa kumsukumia mwenzake. Sisi watu wa ukarimu, tunaojisifu kwamba mgeni kwetu hupewa kitanda naye mwenye nyumba akalala mkekani, tulipewa wageni kwa mkataba wa kimataifa na hatukuwapelekea hata kipande cha sabuni.

Sisemi kila mkataba ni uovu. Upo wa kumtoa mfungwa kwao, na upo wa kumrudisha. Nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana Harare, mwaka 1986, juu ya utaratibu wa kumwezesha mtu aliyefungwa ugenini kumalizia kifungo nchini kwake, nchi zote mbili zikiridhia na mwenyewe akiridhia. Huo ni wa huruma, na ndio unaosahaulika kabatini. Nje ya Jumuiya hiyo, vijana wetu wapo katika magereza ya Hong Kong na China, waliokamatwa na dawa za kulevya tumboni au mzigoni. Huko Hong Kong Mungu aliwapa mtu: Padri John Wotherspoon, Mwaustralia, mhudumu wa wafungwa. Aliwatembelea Watanzania wale, akawashauri waandike barua za kuwaonya wenzao nyumbani wasidanganywe na matajiri wa unga, akazichapisha dunia izione. Mzungu wa Australia, kwenye mji wa Wachina, akiwa ndugu wa kijana wa Kinondoni. Hakungoja mkataba. Paulo alikuwa naye mtu wa namna hiyo, aitwaye Onesiforo, aliyefika Roma akamtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuionea haya minyororo yake. Mji wenye watu laki nyingi, hauna namba za nyumba, na mfungwa asiye na cheo. Fikiria milango aliyogonga, na askari waliomjibu ovyo.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wabunge na wanasheria mnaosali nasi. Mkataba wa namna hii ukija mbele yenu, wa kupeleka au wa kupokea, msiridhike na bei ya kitanda na idadi ya askari. Ulizeni mama atafikaje. Ulizeni nani atachunguza mfungwa akipigwa, na kwa sheria ya nchi ipi. Ulizeni kama mfungwa ameulizwa mwenyewe, na kama ataachiwa mahali ambapo kuna anayemjua. Waziri akijibu kwamba hayo yatashughulikiwa baadaye, mnyimeni kura, maana baadaye hiyo Hawaii inaingoja tangu 1995.

Nawe msomaji usiye na kura bungeni, usijifiche nyuma yao. Gereza lililo karibu na parokia yako lina mgeni. Kama si Msomali ni Mhabeshi aliyekamatwa njiani akielekea kusini, kama si Mhabeshi ni Mkongo, kama si Mkongo ni Msukuma aliyefungwa Mtwara, ambaye kwao ni mbali kiasi kwamba hakuna tofauti. Askari magereza wanamjua: ndiye asiyeitwa jina siku ya kutembelewa. Wenzake wakiitwa, anakaa kivulini anatazama kina mama wakifungua mapindo ya kanga kutoa hela za soda, na kipande cha sabuni kikikatwa katikati kukaguliwa kabla ya kupita.

Mwendee huyo. Usingoje idara ya uinjilisti ipange safari na fulana. Nendeni wawili, mwoneni mkuu wa gereza, mwambieni mnamtaka yule ambaye hajatembelewa. Msimhubirie saa mbili. Ana kesho na kesho kutwa ya kusikia mahubiri. Muulizeni kwao wapi na mama yake anaitwa nani. Ombeni kibali, mpigieni mama huyo simu mkitoka, hata kama lugha haipandi, hata kama mtaambulia kutaja jina la mwanawe na kusema ni mzima. Mwezi ujao rudini, kwa sababu aliyetembelewa mara moja akaachwa huumia kuliko aliyeachwa tangu mwanzo.

Jumamosi hii, basi. Chukua sabuni, dawa ya meno na nauli ya kwenda na kurudi. Chukua na kitambulisho chako. Bila hicho getini hawakuruhusu.